Jim Corbett na Bunduki Yake Nyepesi



Wenzetu wa chama cha Skauti wanayajua vizuri makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri. Mwezi wa Februari huvaa skafu zao, wakapanda mabasi, wakaenda kumkumbuka Baden-Powell, mwanzilishi wao. Wakishapiga saluti na kuimba, hununua soda na kurudi makwao. Wachache mno huuliza habari za Mzungu mwingine aliyezikwa papo hapo mwaka 1955, ambaye kule India jina lake limepewa mbuga nzima ya wanyama. Huyo ni hayati Kanali Jim Corbett, na leo ndiye mgeni wetu katika ukurasa huu wa wasifu.

Maisha yake yametajwa mara nyingi kwa hesabu ya wanyama aliowaua. Mimi nimeona heri nimsimulie kwa njia ya bunduki yake moja, kwa sababu bunduki hiyo ilizaliwa kwake kama zawadi, ikamwokoa na mauti, na mwishowe akaipenda kamera kuliko yenyewe. Tusipaparike basi, twende polepole.

Jina lake kamili ni Edward James Corbett. Alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 katika mji wa Nainital, kwenye milima ya Kumaon kaskazini mwa India. Baba yake alikuwa mkuu wa posta wa mji huo. Familia ilikuwa kubwa ajabu, na Jim alikuwa miongoni mwa wadogo. Baba alifariki mwaka 1881, Jim hajatimiza hata miaka sita. Mama mtu akabaki na kundi la watoto na fedha kidogo. Wakati wa baridi familia ilishuka milimani na kukaa Kaladhungi, ukingoni mwa msitu, na huko ndiko mtoto huyu alikosomea shule yake ya kweli.

Alianza na manati kama sisi sote. Akaja upinde. Kisha akapewa bunduki kuukuu ya kushindiliwa baruti mdomoni. Ilikuwa na mitutu miwili, lakini mmoja ulikuwa umekwisha kupasuka, na kwa jumla ilishikiliwa pamoja kwa waya wa shaba. Hebu fikiria mtoto ana silaha ambayo yaweza kumlipukia usoni, na baruti ya kutumia si nyingi. Ilimbidi ajifunze kunyatia, kusikiliza, kuelewa kwa nini nyani anapiga kelele na kwa nini ndege fulani amenyamaza ghafla. Baadaye alijua kuigiza mlio wa chui na wa simbamarara hata wanyama wenyewe wakamjibu. Nasema simbamarara nikiwa na maana ya yule paka mkubwa wa Asia mwenye milia myeusi. Wengine humwita chui milia. Hapa kwetu hayuko.

Alipomaliza shule hakwenda chuo. Akaajiriwa na shirika la reli, na kwa miaka kama 20 alisimamia uhamishaji wa mizigo katika kituo cha Mokameh Ghat, kwenye Mto Ganges. Ilikuwa kazi ya jasho, pamoja na wapagazi, usiku na mchana. Uwindaji ulikuwa mambo ya likizo tu.

Sasa tufike mwaka 1907, mwaka wa Champawat.

Kulikuwa na simbamarara jike aliyekuwa amekwisha kuua watu wapatao 200 nchini Nepal. Alipofukuzwa huko akavuka mpaka na kuingia Kumaon, akaongeza wengine 236. Ukijumlisha unapata watu 436, kwa mnyama mmoja. Watu walikuwa hawatoki nyumbani mchana kweupe, mazao yakioza shambani. Corbett alipoombwa aende, alitoa masharti mawili: zawadi ya fedha iliyotangazwa kwa atakayemwua ifutwe, na wawindaji wengine wote waondolewe. Hakutaka kuitwa mwindaji wa malipo, wala hakutaka kupigwa risasi na mtu mwenye pupa kichakani.

Hapa kuna jambo ambalo lazima nilieleze, maanake bila hilo mtu atadhani wanakijiji wa Kumaon walikuwa waoga. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1878, Mhindi hakuweza kumiliki bunduki bila leseni, ilhali Mzungu alisamehewa. Kwa hiyo mwenye ng'ombe na watoto wa kulinda alikuwa na mundu na fimbo, na mwenye bunduki alikuwa mgeni wa likizo. Siku ya msako wa mwisho, ofisa wa serikali wa eneo hilo, aliyeitwa tahsildari, alitangaza kwamba kwa siku hiyo macho yake hayangeona bunduki yoyote isiyo na leseni. Lo! Zikatokea bunduki za kila aina kutoka chini ya vitanda na juu ya mapaa, nyingine zikifaa kuwekwa makumbusho. Watu 298 wakajipanga mlimani kupiga kelele na kuvingirisha mawe.

Corbett mwenyewe alibeba bunduki nzito ya mitutu miwili na risasi tatu tu. Aliona risasi mbili zingetosha, na ya tatu ni ya dharura. Simbamarara akatoka mbio bondeni, risasi zote tatu zikaisha, mnyama amejeruhiwa lakini bado yu hai na amekasirika. Corbett akakimbia hadi kwa tahsildari, akamnyang'anya bunduki yake, akarudi mbio. Alipomkaribia mnyama kiasi cha hatua chache, ndipo alipotambua kwamba bunduki ile ya kuazima ilikuwa na mwanya mkubwa kati ya mitutu na sehemu yake ya nyuma. Kwamba ilipopigwa haikumlipua macho ni bahati yake. Alilenga mdomo uliokuwa wazi. Risasi ikaenda ikapiga wayo. Kumbe majeraha ya kwanza yalikuwa yamekwisha kufanya kazi, na mnyama akafa papo hapo.

Walipomchunguza waliona jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko mengine yote katika habari hii. Meno yake mawili marefu ya upande wa kulia, la juu na la chini, yalikuwa yamevunjika. La juu lilikatika nusu, la chini liling'oka hadi mfupani. Yalivunjwa na risasi ya zamani. Mtu fulani, asiyejulikana hata leo, alifyatua risasi moja ovyo miaka mingi nyuma, hakufuata damu ya mnyama aliyemjeruhi, akaenda zake nyumbani kula chakula chake. Mnyama akashindwa kukamata mawindo yake ya kawaida. Watu 436 walilipa deni la mtu huyo.

Corbett alilijua jambo hilo na akalirudia maisha yake yote: simbamarara hali watu kwa ukatili, bali kwa kulazimika, na mara nyingi kinachomlazimisha ni jeraha la risasi au miiba ya nungu. Kila mwenye bunduki anapomwacha mnyama aliyejeruhiwa aende zake, anawaachia watu wengine mzigo.

Alipokuwa njiani kurudi alipitia nyumba ya mwanamke mmoja aliyekuwa amepotewa na sauti. Mwaka uliopita dada yake alichukuliwa na simbamarara huyo mbele ya macho yake. Yule mwanamke alimfukuza mnyama akiwa na mundu mkononi, na tangu siku hiyo hakuweza kusema. Corbett akamtandazia ngozi ile mlangoni. Mwanamke alipoiona alianza kukimbia huku na huku akiwaita watu kwa sauti waje kuona. Watoto wake walimtazama mama yao wakiduwaa.

Gavana wa jimbo, Sir John Hewett, alifanya sherehe huko Nainital. Tahsildari alipewa bunduki mpya, na bila shaka aliihitaji! Corbett naye alipewa bunduki ya kampuni ya John Rigby ya London, na kibati cha fedha kimepachikwa kwenye kitako chake kueleza sababu ya zawadi. Ndiyo bunduki yetu hii.

Ilikuwa bunduki ya komeo. Jina hilo si gumu kulielewa. Nyuma ya mtutu kuna chuma kinachofanya kazi kama komeo la mlango. Ukiinua kishikio chake na kukivuta nyuma, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa huruka nje. Ukikisukuma mbele, risasi mpya huchukuliwa kutoka kasha lililo chini na kuingizwa mahali pake. Ukikilaza, mlango umefungwa, uko tayari. Mtambo wenyewe ulibuniwa na Mjerumani Mauser. Risasi yake nayo ni ya Mauser, yenye unene wa milimita 7 hivi, ila Waingereza waliipa jina lao, .275 Rigby. Ubaya wake ni kwamba kila risasi lazima uvute na kusukuma upya, nawe umetazamana na mnyama. Uzuri wake ni wepesi, kutokurusha bega nyuma sana, na usahihi wa kulenga. Wawindaji wengi wa siku zile waliidharau, wakisema hiyo ni ya swala, si ya wanyama wakali. Hata hivyo, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi hiyo hiyo ndogo. Mimi nikiisoma hesabu hiyo ninahisi kichefuchefu, lakini inaonyesha kwamba kilichoua si ukubwa wa risasi bali mahali ilipopigwa.

Corbett alikuwa pia na bunduki nzito ya mitutu miwili, ya Jeffery, kwa kazi za hatari zaidi. Lakini wakati wa kutembea mchana kutwa milimani, mkono wake ulizoea ile Rigby. Na siku moja ya Aprili mwaka 1930 mazoea hayo yakampa uhai.

Huko Chowgarh kulikuwa na simbamarara jike mzee aliyewala watu 64 kwa miaka mitano, akiwinda pamoja na mwanawe mkubwa. Mwaka 1929 Corbett aliwavizia wote wawili, akapiga, akakuta kwamba ameua mtoto badala ya mama. Yule mama akaendelea kuua watu mwaka mzima zaidi. Corbett hakulificha kosa hilo; aliliandika kitabuni kwa wino wake mwenyewe, na ni wawindaji wangapi hufanya hivyo?

Mwaka uliofuata alikuwa akishuka korongoni na watu wake wawili. Njiani akaona mayai mawili ya ndege mmoja wa usiku anayetaga chini bila kujenga kiota. Yalikuwa na umbo la pekee, naye alikuwa mkusanyaji wa mayai. Akayachukua, akayashika kwa mkono wa kushoto kwa uangalifu. Bunduki ya Rigby ilikuwa mkono wa kulia, imelala mbele ya kifua. Akazunguka jiwe kubwa, akatua mchangani, akageuza shingo kutazama nyuma. Simbamarara alikuwa amelala pale, miguu ya mbele imenyooshwa, anamtazama usoni. Umbali ulikuwa futi nane. Pima futi nane katika darasa lenu uone!

Mtu mwingine angeruka. Corbett alianza kuusogeza mkono mmoja, polepole kama mshale wa saa, akiuzungusha mtutu kumwelekea mnyama. Uzito wote ulikuwa juu ya mkono huo mmoja uliokwisha kunyooka. Mnyama hakuondoa macho usoni pake, akidhani labda amemweza. Mtutu ulipofika mahali pake, akafyatua. Komeo halikuhitajika mara ya pili. Simbamarara aliinamisha kichwa juu ya miguu yake, basi.

Baadaye Corbett alilitafakari tukio hilo akaona ajabu. Kama asingekuwa na mayai, angeishika bunduki kwa mikono miwili na angegeuka haraka, na mnyama angemrukia. Kama angebeba ile bunduki nzito, mkono mmoja usingeweza kuizungusha. Vitu viwili vilivyoonekana kuwa hasara ndivyo vilivyomwokoa. Na yale mayai? Aliyarudisha pale alipoyatoa. Alipopita tena baada ya nusu saa, ndege mama alikuwa ameyalalia.

Kuhusu chui wa Rudraprayag nitasema kwa ufupi, kwa sababu habari zake zinahitaji toleo zima. Chui huyo aliua watu 125 kati ya 1918 na 1926 kwenye njia ya mahujaji wa Kihindu wanaokwenda Kedarnath na Badrinath. Kwa miaka minane hakuna aliyelala mlango wazi. Serikali iliweka sumu na mitego, yote bure. Corbett alikesha usiku 20 juu ya mnara wa daraja bila kumpata. Alimpiga mwezi wa Mei 1926 akiwa juu ya mwembe, kengele ya mbuzi ililia, akawasha tochi iliyofungwa kwenye bunduki, akafyatua, na tochi ikazimika. Ilimbidi angoje hadi asubuhi gizani, hajui kama amepata au amekosa.

Sasa jambo la kushangaza. Katika miaka hiyo hiyo ya sifa zake, mikono yake ilianza kuiacha bunduki. Alipata kamera ya sinema. Aliona kwamba ngozi ya mnyama humfurahisha mwindaji mmoja kisha huliwa na nondo, lakini picha hufurahisha watu wote na mnyama bado anaishi. Alitengeneza vibwawa vidogo katika kijito ili mlio wa maji ufunike mlio wa kamera, akakaa hapo miezi kadhaa mpaka akapiga picha za simbamarara saba. Kwenye shabaha ya bunduki kazi huisha kwa sekunde. Hii ya kamera ilimtaka subira ya kikweli. Pia alipigania kutengwa kwa hifadhi, na mwaka 1936 ikafunguliwa mbuga ya kwanza ya taifa nchini India, ikiitwa Hailey. Mla watu wake wa mwisho alimwua Thak mwaka 1938, akiwa na miaka 63. Alikuwa hawindi tena kwa kujifurahisha.

Kitabu chake cha kwanza kilichovuma, Man-Eaters of Kumaon, kilitoka mwaka 1944, na mapato ya toleo la kwanza aliyatoa kwa askari waliopofuka vitani. Corbett alijulikana ulimwenguni kote akiwa na karibu miaka 70.

Uhusiano wake na kwetu ulianza mapema kuliko wengi wanavyojua. Tangu miaka ya 1920 alikuwa na hisa katika shamba la kahawa la Kikafu, Tanganyika, chini ya Kilimanjaro. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye na dada yake Maggie, ambao wote wawili hawakuoa wala kuolewa, waliuza nyumba wakaja Kenya. Walikaa Nyeri katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, nyumba ile ile iliyokuwa ya Baden-Powell.

Nitasema wazi kwamba hapa nina kinyongo kidogo. Watu wa Kumaon walimpenda, na yeye aliwapenda. Kule Chhoti Haldwani alijenga kijiji kizima na ukuta wa kuzuia nguruwe mwitu, akawaachia wakulima ardhi. Lakini alipoona Uingereza inaondoka, aliona pia kwamba mahali pake hapapo tena, akahamia koloni jingine. Hali ya Hatari ilipotangazwa hapa Oktoba 1952, kukaja tena sheria za silaha, kali kuliko zile za India: Mwafrika aliyekutwa na bunduki, hata na risasi tu, aliweza kunyongwa. Wapiganaji wa Mau Mau katika msitu wa Nyandarua walijitengenezea bunduki kwa bomba la maji, mpira wa tairi la ndani, na komeo. Komeo la mlango, la kweli kabisa! Bunduki ya Corbett iliigiza mlango. Bunduki za babu zetu zilitengenezwa kwa mlango wenyewe. Umbali wa msitu huo na veranda ya Paxtu si mkubwa.

Miezi michache kabla ya hayo, usiku wa tarehe 5 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth na mumewe walilala Treetops, hoteli ndogo iliyokuwa juu ya mti wa mugumo. Corbett, miaka 76, alialikwa kuwafuata. Mchana alimwonyesha ndovu na vifaru waliokuja kunywa maji. Usiku wageni walipolala, mzee alikaa juu ya ngazi na bunduki yake, akilinda mpaka kulipokucha. Hakufyatua risasi hata moja. Usiku huo Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza, na aliyepanda mti akiwa binti mfalme alishuka akiwa malkia. Mwezi wa Mei 1954 Mau Mau waliuchoma moto mti huo na hoteli yake.

Corbett alifariki Nyeri kwa ugonjwa wa moyo tarehe 19 Aprili 1955, akiwa na umri wa miaka 79. Miaka michache tu baada ya kufa kwake mbuga ile ya Hailey ilipewa jina lake, na mwaka 1973 mpango mkubwa wa India wa kuwaokoa simbamarara ulizinduliwa huko huko. Hapa Kenya, uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Na ile Rigby? Baada ya mwenyewe kufariki ilikaa mikononi mwa wachapishaji wa vitabu vyake, Oxford University Press. Mwaka 2015 kampuni ya Rigby iliinunua na kuirudisha London mahali ilipotengenezwa, na mwaka 2016 ikasafirishwa hadi India, watu wa Kumaon wakaiona tena. Kibati cha fedha bado kipo kwenye kitako, na jina la Champawat juu yake.